Prof na jiwe la tatu

Sisi tulimwita Prof, na mimi hapa nitamwita hivyo hivyo. Jina lake liko kwenye karatasi za masomo za watu wengi wa Karuba. Anayelitaka akalitafute huko. Alizaliwa wapi, babu yake alikuwa nani, hayo sitayasema: mengine siyajui, na mengine hayanihusu. Nitasema niliyoyaona mwenyewe, mimi muuza fromaje, jibini ya vilima vyetu, niliyeketi benchi ya nyuma katika darasa lake na kushindwa Kingereza chote isipokuwa neno moja. Neno hilo alitufundisha sisi wote kulitumia. Zamu yake ilipofika ya kulitumia, likamkwama kooni miaka na miaka.

Alivaa kravati na bote za mvua. Vyote viwili, kila siku ya kazi. Bote utazielewa ukiijua Karuba, maana huku mvua ikianza asubuhi, njia yote inakuwa uji. Kravati ndiyo hatukuielewa. Ilikuwa moja tu, ya rangi ya maharagwe, na fundo lake halikufunguliwa kamwe. Jioni aliilegeza, akaitoa kupitia kichwani na kuitundika kwenye msumari. Tulimcheka waziwazi. Yeye anangoja, anafuta ubao polepole, halafu anauliza: "Mumemaliza? Haya. Kila moja aniletee mawe yake matatu."

Hayo mawe ndiyo yalikuwa somo lake. Mwalimu mwingine wa Kingereza angeanza na salamu, ao majina ya wanyama, tukafurahi kidogo. Prof alianza na therefore, yaani kwa hiyo. Aliliandika peke yake katikati ya ubao akatuambia hili ni neno la kufunga mulango: ukilisema umetangaza kwamba umemaliza kuwaza na sasa unaamua. Tukamwuliza lina tofauti gani na donc, maana donc ya Kifaransa sisi tunalala nayo na kuamka nayo.

"Donc yenu imechakaa," akasema. "Muntu anafika kwa soko, donc. Anakaa chini, donc. Unangoja kitu chenye kitafuata, hakuna. Ile ingine iko nzito kwa ulimi. Itawachokesha. Njo maana naipendea."

Sheria yake ilikuwa ya jikoni. Sufuria haikai juu ya mawe mawili. Jiwe la kwanza ni kile ulichoona kwa macho yako. La pili ni kile ulichomwuliza mtu mwingine aliyekuwepo. La tatu, na hapo alikuwa anapiga ubao na kidole, ni kile kinachokukatalia. "Tafuta kitu chenye kinakuambia hapana," alikuwa akisema. "Kama haujakipata, ni kusema haujatafuta." Ukishayaweka yote matatu, basi weka sufuria yako, sema therefore. Ukikosa moja, funga kinywa.

Mimi nilipata alama nzuri mara moja tu katika maisha yangu ya masomo, na ilikuwa siku hiyo. Nilisimama nikasema: nimeona moshi kwa jikoni yetu. Nimeuliza mudogo wangu, amesema mama amesharudi shambani. Therefore tutakula. Prof akauliza, "Na ya tatu?" Nikafikiri. Nikasema kuni ziko mbichi, mvua ilinyesha jana. "Basi?" Nikasema, "Therefore tutangoja." Darasa zima lilicheka, lakini yeye aliiandika ubaoni yote, na jina langu pembeni. Nilitembea na lile jambo wiki nzima, nikijiona mtu.

Msifikiri nampaka mafuta. Kingereza chake kilikuwa na mipaka, tena mipaka ya karibu. Siku moja mgeni Mzungu alifika kwenye kituo cha afya, wakamwita Prof aje atafsiri. Alikuja na kravati yake. Yule mgeni akasema maneno mengi kwa haraka, Prof akamwangalia mdomo, akaitika kwa kichwa, halafu akatugeukia sisi akasema, "Anawasalimia." Tulijua wazi kwamba yule mtu hakuwa anasalimia, maana alikuwa ameshika tumbo. Baadaye Prof alisema tatizo ni la mgeni: hakutumia therefore hata moja, sasa mtu angefuata wapi mawazo yake?

Lakini kwa mambo ya vilima vyetu alisaidia sana. Kuna asubuhi ng'ombe za mchungaji mmoja zilikutwa ndani ya shamba la maharagwe, maharagwe yote yamelala. Hapa kwetu shamba na ng'ombe ni maneno yanayoweza kuua. Wanaume walishachukua fimbo, na mchungaji alikuwa ameshikwa shati. Prof akapita kati yao na bote zake akauliza: ng'ombe muliziona zikiwa ndani, sawa, nani aliziona zikiingia? Kisha akauliza uzio ulivunjwa kutoka upande gani. Wakaenda kuangalia, wakakuta kamba haikukatwa. Ilifunguliwa vizuri, ikatundikwa. Mwenye shamba mwenyewe ndiye aliyekumbuka kwamba jana yake alipita hapo na magunia, na alikuwa na haraka. Mchungaji akaachwa. Hakuna aliyemwomba radhi, na Prof hakupewa hata kikombe cha maziwa. Akaenda kufundisha.

Nyumbani kwake sasa, hapo ungemkuta mtu mwingine. Mwenye kudai mawe matatu kwa watu wote, kwa bibi yake wa ndoa hakuwa na hata moja. Mboga ikikosa chumvi, "Chumvi hakuna, therefore ulikuwa unapiga stori kwa jirani." Mama Prof, kama tulivyomwita, hakukasirika. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye kucheka kwa bega, na alimjibu akiendelea kuosha sahani: "Baba, jiwe ya tatu: chumvi wewe njo unanunuaka. Uliisahau tangu siku ya kwanza." Na Prof anacheka mpaka anashika mlango. Mungu hakuwapa mtoto. Kile kicheko ndicho kilikuwa kinajaza ile nyumba, na sisi majirani tulikisikia kutoka barabarani.

Mama Prof njo alinifundisha biashara ya Mpofi. Huku juu tuna maharagwe, viazi na fromaje. Kule chini Walikale, upande wa soko la Mpofi, wana mawese. Unashuka na kimoja, unapanda na kingine. Mahali pikipiki inapita unapanda pikipiki, mahali haipiti unaweka kamba kwenye paji la uso na kubeba mgongoni. Alinionyesha nani wa kumwamini sokoni, wapi pa kulala, na barabarani uvae nini. Kwa safari tulivaa kitenge cha wamama wa parokia, cha kijani chenye njiwa weupe, kwa sababu kwenye vizuizi hata mtu mbaya anasita kidogo mbele ya mama wa kanisa.

Safari moja tulikuwa wanawake wanne, Mama Prof akiwemo. Tulishauza, tulishanunua mawese, tulikuwa tumeacha Mpofi nyuma na tunapanda, risasi zikaanza. Nani alimpiga nani, sijui mpaka leo. Kila mtu alikimbia anakojua. Mimi niliacha mzigo wangu njiani nikaingia msituni, nikalala humo siku mbili. Siku ya tatu nikatokea kwenye kijito, na ndani ya maji nikaona mwanamke amelala kifudifudi. Kitenge cha kijani. Njiwa weupe. Sikusogea. Niligeuka nikakimbia, nikafika Karuba sina viatu, na wale wenzangu wawili walikuwa wameshafika. Aliyekosekana alikuwa mmoja.

Nikasema: Mama Prof amekufa, nimemwona.

Kilio kilianza hapo hapo. Uwanja wa Prof ulijaa, wanawake walishakaa chini. Yeye alitoka ndani, akanyoosha mkono watu wakanyamaza, akachuchumaa mbele yangu. Sauti yake ilikuwa ya upole sana, na hiyo ndiyo iliniumiza.

"Uliona uso yake?"

"Hapana, Prof."

"Uliona mukono? Alama ya kisu kwa kidole?"

"Hapana. Niliona kitenge."

"Wewe ulivaa nini siku ile?"

Nikajiangalia. Nilikuwa bado nimekivaa, kimechanika, kina matope, lakini njiwa wanaonekana. Wenzangu wawili walikuwa nacho vilevile. Na parokia ya Muheto walikinunua kile kile kwa sikukuu ile ile, na wamama wa Muheto nao wanashuka Mpofi. Prof alisimama akasema, "Hamujaniambia kitu. Murudi nyumbani." Wakarudi. Kilio kilikatika katikati, jambo ambalo wazee wetu wanasema halifai kabisa.

Nitasema ukweli: nilimchukia. Kwa sababu kama yule wa kijitoni hakuwa Mama Prof, basi Mama Prof alikuwa mzima mahali fulani msituni, na mimi, niliyefundishwa njia na yeye, nilikimbia bila kumwita hata mara moja. Nilitaka awe amekufa. Ni aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Barabara ilipofunguka, Prof alikwenda Mpofi mwenyewe, na kravati na bote, kwa mguu. Kule wakamwambia ndiyo, walizika watu, kadhaa, haraka, pamoja, majina hawakuyajua. Nguo? Nguo zilikuwa matope. Akarudi kama alivyokwenda. Mwaka ukapita, na mwingine, na mwingine.

Upweke aliouingia siuelezi vizuri mpaka nikueleze neno pole. Kwetu mtu aliyefiwa unamwambia pole, anajibu asante, mnakaa. Mtu ambaye hakufiwa unamwuliza habari ya nyumbani. Sasa Prof utamwambia nini? Ukimwambia pole, anakuuliza, "Pole ya nini?" na anakuangalia akingoja kweli jibu. Ukimwuliza habari ya nyumbani, wewe mwenyewe maneno yanakuchoma mdomo. Basi watu wakachagua njia nyingine ya kwenda kisimani. Si kwa ubaya. Hawakujua waseme nini tu. Ikafika mahali watu pekee waliomsalimia kila siku ni wanafunzi wake, na wao wanamsalimia kwa Kingereza, kwa sababu wanalazimika.

Alisahihisha makaye ya wanafunzi peke yake, alipika peke yake, alisikiliza redio na kuijibu. Kila Jumamosi alishuka mahali pikipiki zinaposimama, akakaa kwenye gogo, akaangalia wanaoshuka mpaka wa mwisho, kisha akapanda kilima. Wazee walimtumia watu: Prof, uoe mwingine, hii si maisha. Aliwajibu kwa adabu kwamba hawezi kuoa wa pili wakati wa kwanza yuko safarini. Nyuma yake wakasema kichwa kimeruka. Mimi najua hakikuruka. Kilikuwa kimesimama palepale alipokiambia kisimame.

Na kama ingekuwa yeye peke yake, tungemwacha. Lakini palikuwa na tate, mama mzazi wa Mama Prof, bibi kizee aliyekaa katika nyumba ndogo nyuma ya ile ya Prof, na Prof ndiye alikuwa anamlisha. Desturi ya kilima chetu ni hii: mtoto akifa, mama yake anashuka kitandani, analala chini kwenye mukeka mpaka mazishi yaishe, ndipo ananyolewa na kupandishwa. Mwili ukikosekana, wanakata mgomba, wanaufunga nguo, wanauzika kama mtu. Lakini mgomba huo lazima utoke kwenye shamba la mume, na mume ndiye anasema mbele ya shimo kwamba amemrudisha bibi yake kwa udongo. Asiposema, hakuna mazishi. Tate alishuka kitandani ile siku niliyoleta habari. Prof hakusema. Bibi kizee akabaki chini.

Fikiria baridi ya Karuba. Fikiria mama wa umri ule, sakafu ya udongo, mvua za mwaka mzima. Prof alimletea godoro akalikataa. Alimletea blanketi la pili akalikubali. Tate hakumlaumu hata siku moja. Alimwambia tu, na mimi nilikuwepo nimeleta fromaje: "Mukwe wangu, wewe unangoja mutu. Mimi niko nangoja kulala." Prof akatoka nje, akasimama upande wa nyuma wa nyumba, na hakurudi mpaka nilipoondoka.

Masika yaliyopita kifua cha tate kikaziba. Muuguzi akaja, akamsikiliza mgongo, akasema dawa atampa lakini ile sakafu itamuua. Siku ya pili yake nilipita na kikapu changu, nikamkuta Prof shambani na panga. Huku juu mgomba hauzai vizuri, lakini yeye alikuwa nayo michache, bibi yake aliipanda. Alikuwa amekata mmoja wa katikati, umelala, maji yanautoka. Hakuwa na kravati.

"Nisaidie kushika," akasema.

Nikaweka kikapu, nikashika. Ulikuwa mzito kuliko nilivyofikiri. Nikakosa adabu, nikamwuliza: "Prof, umepata jiwe ya tatu?"

"Sina. Hata ya pili sina." Alikuwa anafunga kamba, haniangalii. "Hii siyo kuamua, mama. Njo kitanda ya muzee. Ni hiyo tu."

Tuliuzika jioni ile, jua bado liko. Tate alibebwa nje kwenye kiti. Pastori akasoma, halafu akamgeukia Prof, na watu wote wakashusha macho, kwa sababu kila mtu alijua ni miaka mingapi wanangoja ile sentensi. Prof aliisema. Aliisema yote, kwa jina lote la bibi yake, kwa sauti ya darasani ili na walio nyuma wasikie. Udongo ukaanza kuingia. Tate akanyolewa, akapandishwa kitandani, na walioko karibu wanasema alilala kabla hawajamaliza kumfunika.

Halafu uwanja ukajaa. Wote waliokuwa wanapita njia nyingine walikuja, kila mmoja amebeba kitu, viazi, maziwa, kuni. Pole, Prof. Asante. Pole sana, Prof. Asante, kaka. Walikuwa wamefurahi, Mungu awasamehe, walikuwa wamefurahi kwamba sasa wana la kumwambia. Naye aliwapokea mmoja mmoja kwa mikono miwili. Niliona jinsi alivyokonda mabegani.

Asubuhi yake nilimkuta anakoroga uji wa tate. Alinipa kiti. Akaniuliza narudi Mpofi siku gani.

"Siku ya ine, Prof."

Akaendelea kukoroga. "Ukimukuta kule," akasema, "mbele ya kufika huku na kuona ile kaburi, umuelezee. Umuambie ilikuwa juu ya mama yake. Asifikirie nilichoka kumungoja."

Mimi ndiye niliyeona kile kitenge ndani ya maji. Mimi ndiye niliyekimbia. Nilitaka kumwambia yote hayo upya, nikaona hayana faida kwake, maana alishayajua kwa miaka yote hiyo na hakuwahi kunitupia hata neno moja.

"Nitamuambia, Prof."

"Asante, mama," akasema, akamimina uji kwenye bakuli, akaenda kumpelekea mkwe wake.

Tangu siku ya risasi nilishashuka Mpofi mara zisizo na hesabu. Nauza, nanunua, nafunga mzigo, naondoka haraka. Sikuwahi kumwuliza mtu yeyote kule juu ya Mama Prof, hata mara moja, nikiogopa jibu lolote watakalonipa. Siku ya ine, yaani Alhamisi, nilifika, nikaweka fromaje chini, nikamwendea mwanamke wa kwanza anayeuza mawese, nikamwuliza kama amewahi kumwona mama mmoja mrefu, wa kutoka Karuba, mwenye alama ya kisu kwenye kidole, anayecheka kwa bega.